Bustani Katika Mji wa Ugeni

Nabii Yeremia, katika sura ya 29 ya kitabu chake, aliwaandikia barua Wayahudi waliokuwa wamepelekwa uhamishoni Babeli. Walitamani kurudi kwao upesi, na sura inayotangulia inatuonyesha nabii wa uongo akiahidi kwamba miaka miwili haitapita kabla mambo hayajatengemaa. Yeremia akawaambia lisilowapendeza: wajenge nyumba, wapande bustani na kula mazao yake, tena wautakie amani mji ule ule uliowateka. Nimelifafanua somo hilo mara nyingi katika ibada za Dominika tusipokuwa na padri, na kwa miaka mingi nilisimama kwenye neno amani peke yake. Neno bustani nililipita kama mtu apitaye mbele ya nyumba asiyoijua. Lakini tangu watu wa Kirolirwe walipoanza kuishi mijini kwa kulazimishwa na vita, wengine Sake, wengine Goma, wengine mbali hadi Kampala na Nairobi, neno hilo limenishika. Mtu aliyefukuzwa kwake, asiye na hakika ya kesho, apande mti mjini kwa ajili ya nani?

Ndugu wapendwa, swali hili si la leo wala si letu peke yetu. Ningependa tupitie kidogo historia ya miji ya Afrika yetu, tuone ni nani aliyepanda miti ndani yake, na kwa nia gani. Nia zilitofautiana sana.

Tuanze na Addis Ababa, maana huko mti ulikuwa suala la kufa na kupona. Mji huo uliasisiwa mwaka 1886, enzi za Menelik, na jina lake maana yake ni ua jipya. Ni mkewe Menelik, Taytu, aliyependezwa na mahali hapo karibu na chemchemi za maji ya moto. Zamani wafalme wa Ethiopia walikuwa wakihama: kuni zikiisha, kambi ya mfalme ilivunjwa na kupelekwa kwenye msitu mwingine. Addis Ababa nayo ilielekea njia hiyo. Watu waliongezeka, milima ya jirani ikabaki mitupu, na kufika mwaka 1900 Menelik alikuwa tayari anajenga Addis Alem, upande wa magharibi, akifikiria kuhamia huko. Kilichouokoa mji ni mkaratusi. Mti huo wa Australia ulikuwa umeletwa katika miaka ya 1890, ukakua upesi ajabu, na ukikatwa huchipua tena kutoka kwenye kisiki. Waethiopia waliuita kwa lugha yao mti wa baharini, kwa kuwa ulitoka ng'ambo. Miaka michache baadaye mji ulikuwa umezungukwa na mikaratusi pande zote, na mji mkuu haukuhama tena.

Sisi wa Masisi tunaujua mti huo. Nani kati yetu hakukulia nyumba yenye boriti za mkaratusi? Tunajua pia kwamba ukipandwa karibu na chemchemi hunywa maji bila huruma, na kwamba chini yake maharage hayasitawi. Kwa hiyo sitausifu kupita kiasi. Nauleta hapa kama ushahidi wa jambo moja: ulikuwapo mji mkubwa wa Afrika ambao ungalihama kwa kukosa miti, ukabaki mahali pake kwa sababu watu walipanda.

Miji ya ukoloni ilipandwa kwa nia nyingine, na hapa imetupasa tuseme ukweli wote. Wazee waliofika Lubumbashi hutusimulia juu ya mijakaranda yake, jinsi barabara zinavyogeuka zambarau maua yanapoanguka. Ni kweli, na ni uzuri mkubwa. Lakini mji huo, ulioanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, ulipangwa ukiwa na sehemu mbili: mji wa Wazungu, na mtaa wa Waafrika walioitwa wenyeji. Kati ya hizo mbili uliachwa ukanda mtupu wa mamia ya mita, nao ukaitwa eneo lisilo la upande wowote. Sababu iliyotangazwa ilikuwa afya: mbu wa malaria, walisema, hawezi kuruka umbali huo akiwa ametoka kumwuma Mwafrika. Kule Léopoldville, Kinshasa ya leo, ukanda wa namna hiyo hiyo ulijazwa katika miaka ya 1930 uwanja wa gofu, bustani ya wanyama na bustani ya mimea. Angalieni basi: nyasi zilizokatwa vizuri, miti yenye vivuli, maua, vyote hivyo vilifanya kazi ya ukuta. Yule aliyetoka mtaa wa Waafrika kwenda kufanya kazi mjini aliuvuka mpaka uliopambwa.

Nilipokuwa nikisomea ualimu hatukufundishwa jambo hili. Tulifundishwa kwamba Wabelgiji walileta usafi na mpangilio. Walileta kweli, lakini kila bustani ina mwenyewe, na ni vema kuuliza lango lake lilifunguliwa kwa nani.

Nairobi nayo ilizaliwa mwaka 1899 ikiwa kituo cha reli, mahali ambapo Wamaasai walipaita kwa jina la maji baridi. Mwaka 1907 serikali ya kikoloni ilianzisha huko shamba la miti ambalo hadi leo linajulikana kwa jina la Arboretum. Halikuanzishwa ili watu wapumzike. Gari la moshi la wakati ule lilikula kuni, misitu ya kienyeji ilikuwa ikipungua, na mabwana misitu walitaka kujua ni miti gani ya kigeni ingekua upesi zaidi. Leo familia huenda kutandika mkeka chini ya miti iliyopandwa ili ichomwe. Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 1906, mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi aliyepata mali kwa kazi za reli, aliwapa watu wa Nairobi bustani katikati ya mji. Ipo hadi leo nayo ina jina lake. Mchana utawakuta hapo vijana wasio na kazi, wahubiri wa kila dhehebu, na watu waliochoka tu.

Na sasa nifike kwa mama ambaye ndiye aliyenifanya niandike. Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, wilaya ya Nyeri. Wengi wanamjua kwa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Wachache wanajua kwamba alisomeshwa na masista wa Konsolata katika shule ya Mtakatifu Sesilia huko Mathari, kwamba huko ndiko alikoingia Kanisa Katoliki, na kwamba alikuwa katika Lejio ya Maria akiwa msichana. Baadaye aliingia sekondari ya masista wa Loreto huko Limuru, kisha mwaka 1960 akaenda Marekani, katika chuo cha masista Wabenediktini mjini Atchison, jimbo la Kansas. Kwa hiyo ninyi wanalejio mnaobeba vibendera vyenu kila juma, mjue kwamba dada yenu huyu alianzia mahali mlipo.

Utotoni mama yake alimkataza kuokota kuni chini ya mkuyu mkubwa uliokuwa karibu na nyumbani, ule Wakikuyu wauitao mugumo, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Karibu na mti huo palikuwa na kijito alikochezea na mayai ya vyura. Aliporudi kutoka Marekani alikuta mkuyu umekatwa ili kupanda chai, na kijito kimekauka. Mkristo mwenye haraka angesema kwamba katazo lile lilikuwa ushirikina. Mwenyewe alikuja kuelewa, akiwa mtaalamu wa biolojia, kwamba mizizi ya mti ule ilishika udongo na kuyafungulia njia maji yaliyo chini. Wazee hawakuwa na maneno hayo, ila walikuwa na maji. Nasi kwetu Kivu tunayo mivumu iliyosimama penye maboma ya kale, na babu zetu hawakuipiga shoka ovyo. Sisi makatekista tulikuwa wepesi mno wa kuwacheka.

Kazi yake ya kwanza ya kupanda miti ilishindwa. Katikati ya miaka ya 1970 aliunda kikundi kidogo alichokiita Envirocare, apate kuwapa kazi maskini wa Nairobi kwa kusafisha na kupanda bustani katika mitaa ya wenye nafasi. Miche aliiweka kwenye kitalu cha msitu wa Karura. Matajiri hawakutaka kulipa kabla ya kazi, maskini hawakuweza kungoja, na kikundi kikafa. Ndipo akapeleka wazo lake kwa Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya. Tarehe 5 Juni 1977 waliandamana hadi uwanja wa Kamukunji, Nairobi, wakapanda miti 7, kila mmoja kwa heshima ya kiongozi mmoja wa zamani kutoka makabila mbalimbali. Huo ndio mwanzo wa Green Belt Movement, yaani Harakati ya Ukanda wa Kijani. Jina lenyewe ni lile lile la ukanda, lakini huu haukupandwa ili kumtenga mtu.

Nawaomba mzingatie jinsi kazi hiyo ilivyoendeshwa, maana hapo ndipo sisi wa vyama vya kitume tunapokosea. Wanawake wa vijijini walianzisha vitalu vyao wenyewe kwa mbegu walizookota jirani. Walilipwa kiasi kidogo sana, senti 4 za Marekani kwa mche, lakini malipo yalitolewa kwa mche ulioshika na kuishi baada ya miezi kadhaa. Mche uliopandwa na kufa haukuhesabiwa. Kwa njia hiyo walipanda miti zaidi ya milioni 30 kufikia wakati wa tuzo ile. Kwetu sisi, siku ya sikukuu tunapanda, tunapigwa picha, tunaimba, na Dominika inayofuata mbuzi wamekwisha kula. Nasema hivi nikiwa mmoja wa wakosaji: niliwahi kuongoza upandaji wa namna hiyo kando ya kikanisa, na sikumteua hata mtu mmoja wa kumwagilia.

Mwaka 1989 mambo yakawa makali. Katikati ya Nairobi kuna bustani ya Uhuru, iliyofunguliwa mwaka 1969. Maathai alipata habari kwamba chama tawala kilikusudia kujenga humo jumba la ghorofa 60 pamoja na sanamu kubwa ya rais. Akaandika barua, moja baada ya nyingine, akiuliza kama watu wa London au New York wangekubali jumba la namna hiyo lisimamishwe katika bustani zao. Bungeni walimtukana, wakasema wenzake ni kundi la wanawake walioachwa na waume. Rais alisema hadharani kwamba mwanamke wa Kiafrika aliye mwema huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Alishtaki, mahakama ikamkatalia. Harakati yake ikafukuzwa katika ofisi za serikali, naye akahamishia kazi nyumbani kwake. Lakini barua zile zilikuwa zimesomwa, na wale ambao wangetoa fedha za ujenzi wakaanza kusitasita. Jumba halikujengwa, mwaka 1992 uzio ukaondolewa, na watu wakaingia tena kuketi kwenye nyasi.

Kuketi kwenye nyasi ni jambo dogo, mtasema. Tajiri ana ua wake nyumbani. Mtumishi wa ndani, mchukuzi wa mizigo, mwanafunzi anayelala watu sita chumba kimoja, hao mahali pao pa kupumua ni pale penye mti usio na mwenyewe. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, aliligusa jambo hili waziwazi: alisikitikia mitaa iliyosongamana isiyo na nafasi ya kijani, na akaeleza kwamba mwanadamu hakuumbwa ili azamishwe katika saruji, vioo na chuma. Aliona pia kwamba sehemu nzuri za kijani mara nyingi hutengwa kwa wachache. Mwaka ule ule, mwezi wa Novemba, alifika Nairobi na kupanda mti katika ofisi za Umoja wa Mataifa. Kwetu Goma alikuwa aje mwaka 2022. Ziara ikaahirishwa, na alipofika Kinshasa mwaka 2023 vita vilikuwa vimekwisha kumfungia njia ya mashariki.

Bustani ya Uhuru haikuwa vita vya mwisho vya mama huyu. Msitu wa Karura, wenye zaidi ya hekta 1,000 kaskazini mwa Nairobi, ulikuwa ukigawiwa kimyakimya kwa wakubwa. Tarehe 8 Januari 1999 alikwenda na wenzake kupanda mti mbele ya lango. Wakapigwa na vijana waliokodiwa, naye akajeruhiwa kichwani. Alipoandikisha mashtaka yake polisi, aliweka sahihi kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wakaandamana, na mwezi wa Agosti mwaka huo rais akapiga marufuku kugawa ardhi ya umma. Leo Karura ina njia za kutembelea na za baiskeli, na wakazi wa pande zote wanaingia. Maathai alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Aliagiza asizikwe katika jeneza la mbao, asiwe sababu ya kukatwa mti. Likatengenezwa la mianzi, mafunjo na magugu maji.

Nairobi haijatulia. Mwaka 2020, barabara ya juu ilipokuwa ikijengwa, mkuyu wenye umri wa zaidi ya miaka 100 ulikuwa ukatwe. Watu walipiga kelele, na kwa amri ya rais mti ukabaki. Miti mingine mingi ya barabara hiyo haikupata mtu wa kuipigia kelele.

Natazama sasa Goma, mji wetu, ambao wengi wenu mnasomea ukurasa huu mkiwa humo. Sijui mji mwingine wa nchi yetu ambako kupanda ni kugumu hivyo. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ulipopasuka, lava ilifunika sehemu ya nane hivi ya mji, pamoja na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Kabla ya hapo ulikuwa umepasuka mwaka 1977. Na tarehe 22 Mei 2021 ulitoka tena, lava ikasimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege, na watu wa Goma wakakimbilia upande wetu wa Sake. Kila mara watu walirudi na kujenga juu ya jiwe jeusi. Juu ya lava changa, baada ya miaka michache, huota kwanza ukungu wa kijivu ushikao jiwe, kisha aina za jimbi; udongo wenyewe hudai muda unaopita maisha ya mtu. Wakazi hawakungoja. Wanavunja lava kwa nyundo na mtaimbo, wanachimba shimo, wanaleta udongo katika magunia juu ya chukudu, wanautia, na humo wanapanda parachichi, mgomba au ua la waridi. Mawe yaliyotoka shimoni wanayapanga kuwa uzio. Kazi ya shimo moja huweza kumaliza siku nzima.

Na chukudu hiyo hiyo inayoleta udongo, siku nyingine huteremsha makala. Hapa ndipo penye jeraha. Mwezi wa Julai 1994 watu wapatao milioni moja walivuka mpaka kutoka Rwanda kwa siku chache, wakawekwa Kibumba, Katale, Mugunga na penginepo, kando ya Hifadhi ya Virunga. Walihitaji kupika. Msitu ukaliwa, na mwaka huo UNESCO ikaiandika Virunga katika orodha ya urithi ulio hatarini. Tangu hapo vita vyetu wenyewe vimeendelea kuwamwaga watu wetu kandokando ya Goma, nao pia wanahitaji kupika. Shirika la WWF lilianzisha mwaka 2007 mradi wa EcoMakala, wakulima wapande misitu midogo ya kuchoma makala kwenye mashamba yao, ili ule wa hifadhi upumzike. Ni hekima ile ile ya Addis Ababa. Lakini mti wa makala hutaka miaka kadhaa ya mkulima kubaki mahali pake, na miaka hiyo ndiyo tusiyopewa.

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 20, kinawakataza wanajeshi wauzingirao mji kukata miti yake ya matunda. Nimewasomea vijana sheria hiyo, wakacheka kwa uchungu, kwa kuwa wameona. Shule moja nilikofundisha ilikuwa na sipresi kuzunguka uwanja, zilizopandwa kabla sijazaliwa. Waliohamishwa na vita walilala madarasani, mvua ikanyesha juma zima, na asubuhi moja sipresi nne zilikuwa chini. Mwalimu mwenzangu alitaka tuwafuate waliokata. Nilimwambia aangalie moshi unatokea wapi. Ulitoka chini ya sufuria za uji wa watoto. Hatukusema neno, na katika juma lile zilikatwa zote.

Sijaona hata leo kama tulifanya vema. Uwanja ule sasa upepo huutwaa udongo kila kiangazi, na watoto wa wale walioota moto ule wanasimama juani wakati wa kupandisha bendera. Kirolirwe nayo inageuka kuwa mji mdogo: maduka yanasogea barabarani kwenye njia ya Sake hadi Kitshanga, viwanja vinapimwa hadi ukingo, na sijaona mahali palipoachwa kwa ajili ya wote, isipokuwa soko na ua wa kanisa. Katika mkutano wetu ujao wa jumuiya nimeomba tuzungumze juu ya ua huo. Nimependekeza mivumu miwili na mgrevilea machache, mbali na chemchemi, pamoja na boma la miiba dhidi ya mbuzi. Mama mmoja aliyerudi kutoka Goma amejitolea kumwagilia. Amezoea, anasema, kule alibeba udongo pia.